Maisha Mapya Yanayomfanya Jirani Amtukuze Mungu



Ndugu wana vikundi, majuzi nilitembelea kikundi kimoja cha akina mama hapa kwetu Sugoi. Tulikuwa tumeketi kwenye nyasi nyuma ya kigango, vitabu vimefunguliwa, chai bado haijafika. Ajenda ya kwanza ilipita vizuri. Ajenda ya pili ilikuwa hesabu, na hapo ndipo kikao kilipoharibika.

Mweka hazina wa kikundi alikuwa ametoka kwenye mafungo ya Kwaresima. Huko alisimama mbele ya watu akashuhudia kwamba ameacha maisha ya zamani. Alipigiwa makofi na vigelegele, na mimi nilikuwepo, nikapiga makofi pia. Sasa kitabu kinaonyesha shilingi 14,000 za merigoraundi hazipo. Hakukana. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba hayo ni mambo ya zamani na Mungu ameshamsamehe.

Kukawa kimya. Kisha mama mmoja, ambaye si wa Kanisa letu na hata kwao haendi sana, akauliza: "Mimi sijui mambo ya mafungo. Nataka tu kujua, huo wokovu wenu unafika kwenye kitabu cha hesabu lini?"

Wote wakanigeukia mimi, mtu wa Kanisa na wa kazi za jamii, nijibu. Nilisema maneno mawili matatu ya kupoza, tukanywa chai, tukaagana. Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani. Makala haya ni jibu ambalo sikulitoa siku ile. Wenyewe wamenikubalia niandike, mradi nisitaje majina.

Tuanze na maneno ya Bwana katika Mathayo 5:16, ambayo wengi wetu tunayajua tangu katekisimu. Anasema nuru yetu iangaze mbele ya watu, waone matendo yetu mema, wamtukuze Baba. Angalia vizuri mpangilio wake. Watu hawasikii, wanaona. Wanaona matendo, hawaoni machozi yetu wala mikono iliyoinuliwa. Na wakishaona, sifa haziji kwetu, zinakwenda kwa Mungu. Sura inayofuata, Yesu huyo huyo anatuonya tusifanye mema ili tutazamwe. Wengine husema hapo Biblia inajipinga. Haijipingi. Ukipeleka sadaka ukaitangazia soko zima, watu watakusifu wewe. Ukimrudishia mtu haki yake, mara nyingi hatakusifu hata kidogo, maana ilikuwa ni yake. Lakini atajiuliza ni nani aliyekubadilisha.

Kuna sehemu nyingine inayonigusa zaidi, nayo haihubiriwi sana. Ni mwisho wa sura ya kwanza ya barua kwa Wagalatia. Paulo anaeleza kwamba makanisa ya Uyahudi hayakumjua kwa uso. Walisikia tu kwamba yule aliyekuwa akiwatesa sasa anaihubiri imani aliyotaka kuimaliza, nao wakamtukuza Mungu kwa ajili yake. Waliomtukuza Mungu ni kina nani? Si marafiki zake wa Tarso. Ni watu wa upande ule ule aliokuwa akiuvamia, nyumba kwa nyumba, akiwaburuta waume kwa wake hadi gerezani.

Basi hapo ndipo ninapoona kipimo cha maisha mapya. Wenzangu wa jumuiya watanipigia makofi kwa kuwa wananipenda. Aliyekosewa na mimi ndiye anayejua kama nimebadilika. Shangwe ya kwanza ni nzuri, siidharau, lakini ile ya pili ndiyo Paulo aliona inafaa kuandikwa.

Na inapatikanaje? Zakayo anatuonyesha. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, kazi ambayo mtu angeweza kutajirika nayo kwa kuzidisha kodi. Aliposhuka kutoka kwenye ule mkuyu hakutoa ushuhuda mrefu. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyenyang'anywa kurudishiwa mara nne. Sheria ya Musa ilikuwa na viwango vyake. Mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza alilipa kondoo wanne, imeandikwa katika Kutoka 22. Lakini aliyeungama mwenyewe, kwa mujibu wa kitabu cha Hesabu sura ya 5 (jina zuri hilo kwa waweka hazina!), alirudisha kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alijipimia kiwango cha mwizi. Hakuna aliyemlazimisha.

Kanisa letu halijabadilisha jambo hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo la dhambi katika kitubio linafuta dhambi, lakini haliondoi uharibifu wote uliotokana na dhambi hiyo. Aliyeiba bado anapaswa kurudisha. Namba 2412 inasema hivyo tena, na inamtaja huyo huyo Zakayo. Kwa hiyo mweka hazina wetu alisema kweli aliposema Mungu amemsamehe. Ila alikomea katikati ya njia.

Wazee wetu wa Afrika Mashariki walilijua hili hata nje ya Kanisa Katoliki. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianzia Gahini, Rwanda, miongoni mwa Waanglikana, ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Ndio tuliowaita walokole. Mtu unaweza kutokubaliana nao kwa mambo mengi, na mimi sikubaliani nao kwa mengine, lakini walijulikana kwa jambo moja: mtu akiokoka alirudisha alichoiba. Vifaa vya mwajiri, mali ya jirani, deni la miaka. Hata aliyewacheka hakuweza kukana kwamba kitu chake kimerudi.

Sasa nije karibu na nyumbani. Tangu uchaguzi wa 2022, ukisema unatoka Sugoi watu wanataka kukuuliza habari za siasa tu. Sisi tunaijua Sugoi ya mahindi, ya maziwa ya asubuhi na ya matope ya Aprili. Na sisi wa umri wangu tunaijua pia Januari ya 2008, ijapokuwa hatupendi kuizungumza.

Kwa vijana ambao hawakumbuki: matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na fujo zikalipuka. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao mpaka mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Uasin Gishu tuliumia vibaya. Siku ya Mwaka Mpya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba kuta za kanisa zinatosha kumlinda mtu.

Ndiposa lile lililofanyika katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret lina uzito. Askofu wetu wakati huo, Cornelius Korir, alifungua malango, na watu wapatao 10,000 wakajaa uwanjani na ndani. Wengi wao walikuwa Wakikuyu. Askofu alikuwa Mkalenjin, mzaliwa wa Bomet. Wapo waliomwona kama mtu aliyewageuka watu wake. Angeweza kusema maneno mazuri ya amani kwenye redio na kufunga lango, na hakuna mtu angemlaumu sana. Alilisha watu, akalala karibu nao. Waliokuwa pale hawakuhitaji kuhubiriwa kwamba huyu ni mtu wa Mungu.

Lakini naomba tusiishie kwenye lango, kwa sababu lango ni siku chache, na kazi yake ilikuwa ya miaka mingi. Aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Eldoret mwaka 1990, na mwaka uliofuata vita vya kikabila vya Bonde la Ufa vikaanza. Karibu uaskofu wake wote, mpaka alipofariki Oktoba 2017, alikuwa akienda huku na huku kati ya jamii zinazopigana: huku Burnt Forest, kule Bonde la Kerio kati ya Wapokot na Wamarakwet. Mwaka 2009 njia aliyojifunza huko iliandikwa katika kijitabu kiitwacho Amani Mashinani. Kikundi chochote kinachogombana kingefaa kukisoma, hata kama ugomvi wenyewe ni wa shilingi 14,000.

Njia yenyewe, kwa kifupi, haianzi na mkutano mkubwa. Kwanza mapigano yasimame. Kisha mtu mmoja mmoja anatembelewa, nyumbani kwake, mpaka aamini kwamba unamsikiliza. Halafu kila upande unakutana peke yake, na unaruhusiwa kumwaga yote, hata yale yanayoumiza masikio. Ni hekima kubwa hiyo. Mkiwaleta pamoja mapema, watu watasema uongo wa adabu: "Sisi hatuna shida na majirani zetu." Mkutano utafungwa kwa sala, na usiku mawe yatarushwa. Wakishatoa uchungu peke yao, wanapanga wanachotaka kumwambia mwenzao. Wachache wa kila upande wanakutana, wanarudi kuwaeleza watu wao, wanakutana tena wakiwa wengi zaidi. Mwishowe wanaandikiana mapatano, na wanachagua watu wa kufuatilia kama yanashikwa.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo sisi watu wa maendeleo tunalipenda: mradi wa kuwaunganisha. Barabara inayotumiwa na wote, shule, soko, dipu ya ng'ombe. Ng'ombe akiingia dipu haulizwi kabila. Hata nyumba za waliorudi zilijengwa kwa vijana wa pande mbili kushika nyundo pamoja. Mimi nilichoelewa ni kwamba huwezi kumwambia aliyechomewa nyumba aamini kwamba umebadilika. Mpe kitu cha kuona. Akiona kijana wa upande wa pili yuko juu ya paa lake anapigilia mabati, atatafakari mwenyewe.

Sasa niseme langu, maana nimeandika ya wengine vya kutosha.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka 26, nimetoka chuoni na diploma yangu mpya. Januari hiyo cherehani ya Singer, ile ya kukanyaga kwa miguu, iliingia nyumbani kwetu. Ilibebwa na mtu wa ukoo wetu aliyesema ameiokota njiani. Sote tulijua ni ya nani. Kulikuwa na mama mjane, fundi wa nguo pale senta, aliyekuwa akishona yunifomu za shule. Yeye na watoto walikuwa wameshakimbia. Tuliiweka stoo, tukaifunika kwa magunia, mahindi yakapangwa juu yake. Tulijiambia tunamhifadhia.

Mwaka 2010 yule mama alirudi, akakodi chumba kimoja pale senta. Alikuwa akishona kwa mkono. Na mimi wakati huo nafanya kazi gani? Nafundisha amani! Nabandika karatasi ukutani, nachora duara mbili zinazokutana, nawauliza watu wataje vizuizi vya maridhiano. Jioni narudi nyumbani, napita karibu na stoo.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba mwaka huo somo la Injili lilikuwa Zakayo. Sikumbuki Padre alihubiri nini. Nakumbuka nilikuwa naangalia viatu vyangu. Jioni nilimwambia mama yangu kwamba cherehani lazima irudi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, ukiipeleka utakuwa umesema sisi ni wezi." Nami nilijua ana haki ya kuogopa, kwa sababu kijiji kina masikio, na yule ndugu aliyeileta alikuwa angali anakaa boma la pili. Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu mama yangu mwenyewe ndiye aliyetoa magunia.

Tuliipeleka kwa mkokoteni wa punda, mchana, si usiku. Hilo alilisisitiza mama: kama ni kurudisha, tuonekane. Yule mjane alitoka mlangoni akaitazama. Hakulia, hakutushukuru, hakusema Bwana asifiwe. Alizungusha gurudumu kwa mkono, akainama, akauliza, "Na mkanda wake uko wapi?" Panya walikuwa wameula. Nilikwenda Eldoret kuununua mwingine. Kwa ile miaka ambayo hakushona, hatukuwa na uwezo wa kumlipa, na tulimwambia hivyo. Mama alimpelekea magunia mawili ya mahindi msimu ule wa mavuno. Alipokea, akahesabu, akaweka ndani.

Nilikuwa nimetegemea machozi na kukumbatiana, kama tunavyoona kwenye semina. Miezi ikapita. Yule ndugu wa boma la pili hakutusalimia karibu mwaka mzima. Halafu siku moja kwenye mazishi, tukiwa tunamenya viazi nyuma ya nyumba, yule mjane aliwaambia wenzake, mimi nikiwa hatua chache: "Mungu alirudi hapa kabla yangu. Cherehani yangu ilitembea yenyewe ikanifuata." Wakacheka, akacheka naye. Jina letu hakulitaja. Sijawahi kupewa ushuhuda mzuri kuliko huo, na mimi simo ndani yake.

Basi nilirudi kwa kile kikundi wiki iliyofuata, nikawaeleza haya yote, na cherehani pia. Nikaomba tuanze upya, kwa njia ya Askofu. Mwenyekiti na wanachama wawili walikwenda kumwona mweka hazina kwake nyumbani, peke yake. Huko ndiko ilikojulikana fedha zilikwenda wapi: karo ya kijana wa sekondari, muhula wa kwanza, alikuwa amefukuzwa arudi nyumbani. Si udhuru, na yeye hakusema ni udhuru. Lakini ni tofauti na vile tulivyokuwa tunanong'ona.

Wanachama nao walikutana bila yeye, wakamwaga. Na hapo yakatoka mengine. Ilionekana kitabu hakikusomwa mbele ya kikundi kwa miezi mitano. Ilionekana watia sahihi wenzake walikuwa wakisaini fomu za benki zikiwa tupu, "ili kuokoa nauli". Katibu alikuwa anaona ujumbe wa M-Pesa kwenye simu ya mtu mmoja anaridhika, hadai risiti. Kwa hiyo aliyepaswa kutubu hakuwa mmoja. Nawaomba vikundi vingine mnaosoma haya mjiangalie hapo hapo, kabla ya kikao kijacho. Fomu tupu ni mtego mnaomtegea mwenzenu aliye na shida.

Walipokutana wote, walikubaliana hivi, na ikaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu. Atalipa 14,000 kwa awamu, 2,000 kila mwezi, ambayo ni miezi saba. Hatashika fedha kwa muda huo, lakini anabaki mwanachama na zamu yake ya merigoraundi haifutwi. Kitabu kitasomwa kwa sauti kila kikao. Hakuna atakayeipeleka habari hii sokoni. Kuhusu ile sehemu ya tano ya Musa, ambayo ingekuwa 2,800, kuna waliotaka iwe faini. Mimi nilikataa. Sehemu ya tano ni ya anayetubu kuitoa kwa hiari. Kikundi kikiidai inakuwa riba, na riba haimgeuzi mtu. Yeye mwenyewe akasema tuache kwanza amalize deni, mwezi wa nane tutaona.

Nilimwambia pia, kwa siri, asipande tena mbele kushuhudia mpaka amalize. Alikubali upesi, nafikiri hata alifurahi.

Kulibaki swali la nani ashike kitabu cha risiti. Walimchagua yule mama aliyeuliza kuhusu wokovu na hesabu, kwa kuwa, walisema, hana haya ya kuuliza. Jumatano iliyopita nilikuwepo awamu ya kwanza ikilipwa. Alihesabu noti mara mbili, akajaribu kalamu kwenye kiganja, akaandika risiti namba moja polepole, tarakimu na maneno, akasoma kwa sauti: zimepokelewa elfu mbili, zimebaki elfu kumi na mbili. Akachana, akampa kwa mikono miwili. Kikao kijacho ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, pale pale nyuma ya kigango.